Mama, Nilikuwaje Kabla Baba Hajaanza Kupiga?

Mama yangu mpendwa,

Kuna swali nimeulizwa hospitalini ambalo wewe peke yako ndiye ungelijibu, na wewe umelala nyuma ya zizi mwaka wa tatu sasa. Mwenye akili kama za watu wengine angekuja kaburini, akalia, akarudi nyumbani kupika. Lakini unanijua. Swali likinishika haliniachi, silali wala sili vizuri. Kwa hiyo nakuandikia, na anayetaka kusoma na asome, maana nyumba kama yetu zilikuwa nyingi huku kwenye majani chai na hakuna aliyezisema.

Daktari aliuliza hivi: "Kabla hujafika miaka mitatu, kabla baba yako hajaanza kumpiga mama, ulikuwa mtoto wa namna gani?"

Nikamjibu kwamba sikumbuki. Akasema hakuna anayekumbuka, ndiyo maana anahitaji mtu aliyeniona. Nikamwambia mtu huyo nilimzika.

Wacha nianze na Chebet, kwa sababu yeye ndiye sababu. Ulimwacha akiwa na miaka miwili, sasa ana mitano. Mwaka huu ameanza chekechea hapa Kabianga, na wiki ya pili tu mwalimu akaniita. Chebet hataki kushikwa. Kengele ikilia anaziba masikio na kuingia chini ya meza. Anapanga vifuniko vya soda kwa rangi, na mwenzake akisogeza kimoja, mayowe yanasikika hadi barabarani. Mwalimu ni mtu mpole, hakusema neno baya. Aliuliza tu, "Mama Chebet, huko nyumbani kuko salama?"

Jioni nilimweleza Kiprotich. Mume wangu si mtu wa makelele, wewe mwenyewe ulimsifu kwa hilo. Aliweka kikombe chini, akanitazama.

"Si na wewe uko hivyo hivyo?" akasema. "Ukaniambia ni mambo ya baba yako ndiyo yalikufanya hivyo. Sawa. Sasa huyu? Huyu hajaona mtu akipigwa. Mimi niko kazini, wewe ndiye unashinda naye. Umemfanyia nini?"

Sijawahi kumpiga Chebet, Mama. Nimempigia kelele mara mbili au tatu na nikamwomba msamaha. Lakini maneno ya Kiprotich yalinikata maini kwa sababu yalifuatana vizuri. Kama mimi nilifanywa hivi na hofu, na mtoto wangu yuko kama mimi, basi kuna mtu amemtia hofu, na nyumbani mchana ni mimi tu. Akasema mwezi ukiisha bila jibu la maana atampeleka Chebet kwa mama yake kule Bomet. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Ndipo nikarudi hospitalini, mimi niliyekuwa nimeapa sirudi. Unakumbuka tulivyozunguka. Daktari wa kwanza alisema nina huzuni nyingi, akanipa vidonge. Wa pili nilimweleza, nilipokuwa bado natunza maktaba ya shule, kwamba kuna wiki napanga vitabu vya maktaba nzima bila kuchoka, na wiki nyingine siwezi hata kunyanyua kijiko, akasema ni ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, akanipa vidonge vingine. Hivyo ndivyo vilivyonitetemesha mikono hadi nikawa naangusha vitabu mbele ya wanafunzi. Halafu ukanipeleka kwa mchungaji. Aliponiwekea mikono mabegani nilimsukuma mtumishi wa Mungu akakalia kinanda, kikalia chote kwa pamoja. Ulinikemea pale pale mbele ya waumini, kisha tukiwa njiani ukacheka hadi ukakaa chini kwenye nyasi. Sijui mara ya mwisho kukuona ukicheka namna ile ilikuwa lini kabla ya hapo.

Daktari wa sasa ni mdogo kuliko mimi, tena ana haraka ya kuandika lakini hana haraka ya kusema. Hakuniuliza nina nini. Aliuliza, "Ukisikia kelele, unaogopa mtu anakuja, au ni sauti yenyewe inauma?"

Mama, hakuna aliyewahi kunitenganishia hayo mawili. Nilikaa pale nikiyapanga. Gamboti, viatu vile virefu vya mpira, zikikanyaga kokoto usiku au mchana, mwili wangu unatafuta dirisha. Huyo ni mtu anakuja. Lakini mashine ya kusaga mahindi pale Kapsoit haina mtu nyuma yake, haijawahi kunitisha hata siku moja, na bado inaniingia kwenye meno. Akauliza tena: nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, hakuna wa kunigombeza, bado napanga vitu? Nikasema ndiyo, na hapo ndipo nafurahi zaidi. Akaandika. Akasema kiwewe cha miaka mingi na usonji, ambao mtu huzaliwa nao, huvaa nguo moja, na mtu akiwa na vyote viwili wakati mwingine huandikiwa ugonjwa wa tatu ambao hana. Kuangalia pembeni, kuchoka na watu, kulipuka, kunyamaza siku nzima, yote hayo yanaweza kutoka huku au kule. Anayejua ni yule aliyemwona mtoto kabla ya mambo kuharibika.

Nikamweleza habari ya kogo, yaani bibi. Daktari alikuwa mgeni wa mila zetu, nikalazimika kuanza mwanzo: kwamba nilipozaliwa kina mama walizunguka kitanda wakiita majina ya waliokufa wa ukoo wa baba, jina baada ya jina, na walipofika kwa Tapsabei, mama yake baba, nikapiga chafya. Basi nikawa yeye aliyerudi. Kogo Tapsabei hakupenda kuguswa na alihesabu ng'ombe wake mara tatu kabla ya kulala, kwa hiyo mimi nilipokataa kubebwa hakuna aliyeshangaa. Watu walisema tu kogo ameanza. Mtoto mwingine angepelekwa kliniki.

Kisha nikamweleza lile lingine, ambalo sijamwambia hata Kiprotich.

Baba alipofutwa kiwandani akaanza pombe, na pombe ikaanza na wewe. Lakini mimi hakunigusa. Hata akiwa amelewa chakari aliniita mama yake. Mtu hawezi kumpiga mama yake aliyemrudia. Wewe ulilijua hilo upesi kuliko sote. Ukisikia gamboti zake kwenye kokoto ulinitafuta nilipo, ukanishika mabega yote mawili kwa nyuma, ukanisimamisha mbele yako. "Simama, Chelang'at. Usisogee. Mwangalie." Vidole vyako vilikuwa vinaniingia kwenye mfupa. Yeye alisimama na fimbo juu akinitazama, akipumua, na mara nyingi akaishusha. Mara nyingine alijaribu kunizunguka ili akufikie, na wewe ukanigeuza kumfuata. Tulizunguka hivyo sebuleni, sisi watatu, hadi nilipofika darasa la sita na kuanza kujificha kwenye mashamba ya chai.

Daktari aliacha kuandika. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini kama ni tangu hapo ndipo sipendi kuguswa. Nikasema ndilo hasa ninalotaka kujua.

Jumamosi mchana nikaenda kwa Shangazi Rachel. Dada yake baba bado anachuma chai mwenyewe, na magoti yake yale yale. Nikafunga karatasi ya nailoni kiunoni nikaingia mstari wa pili kutoka kwake. Unajua watu wetu, ukimkalisha mtu kitini na kumuuliza jambo anakupa chai na habari za mvua. Lakini mikono ikiwa kwenye majani na macho yakiwa kwenye majani, hakuna anayemtazama mwenzake, na maneno hutoka. Tulichuma nusu mstari ndipo nikamuuliza nilikuwaje nikiwa mchanga.

"Wewe? Wewe ulikuwa tu kogo. Tangu siku ya kwanza."

"Shangazi, usinipe kogo. Kogo nimempata vya kutosha. Nataka mimi."

Alikasirika kidogo. Nikasikia akivunja majani kwa nguvu. "Sasa unataka nikuambie nini? Ulikuwa haubebeki. Watoto wa wengine wanalala mgongoni, wewe ukifungwa na leso unalia mpaka unakuwa bluu. Mama yako akajaribu wiki mbili tatu, akaona atakuua. Akawa anakuweka kwenye kikapu mwisho wa mstari, hapo chini ya mti. Ukiwekwa chini unanyamaza. Unaangalia jua likipita kwa majani, unapiga mikono hivi," na akaipiga yake hewani, majani mawili yakaanguka, "unacheka peke yako asubuhi yote. Hakuna mtu alikuwa anakuchekesha."

"Nilikuwa na umri gani?"

"Ulikuwa hujakaa. Miezi mitano, sita. Baba yako alikuwa bado mtu mzuri wakati huo, usimnyime hiyo. Alikuwa anatoka zamu anakuja kukuangalia kwa kikapu na hakubebi, anakaa tu."

Nilishindwa kuendelea kuchuma. Mama, nilikuwa na furaha yangu mwenyewe kabla ya yote! Nilikuwa nimeshafika hapa duniani nikiwa hivi, na hakuna aliyekuwa amenifanya kitu. Nililia kati ya mistari, kwa nafuu ya kupata jibu zaidi kuliko uchungu, na Shangazi akaniacha nilie.

Ningeondoka hapo ningekuwa nimepona nusu. Lakini yeye alikuwa ameshafunguka.

"Mama yako alijua kukushika kunakuumiza," akasema. "Usifikirie hakujua. Ile siku baba yako anarudi vibaya, kesho yake mama yako anakuja hapa, anakaa kwa hilo jiwe, ananionyesha mikono yake. Anasema, nimemshika tena. Anasema, anaumia kuliko fimbo ingeniumiza mimi. Mimi namwambia wacha basi. Ananiambia, nikiacha nitakufa, na nikifa nani atamlea vile alivyo?"

Tulimaliza mistari yetu. Nilimbebea gunia hadi kituo cha kupimia, nikapanda kwenda nyumbani.

Nimekuwa na hilo wiki tatu. Siku zote nilikutetea kwa kusema hukujua, ulikuwa mke mdogo aliyeogopa na mimi nilikuwa mtoto wa ajabu, ungejuaje. Sasa sina hata hiyo ya kukutetea. Ulijua. Nimekukasirikia hadi nikaitoa picha yako ukutani, siku moja nzima, kisha nikairudisha kwa sababu ukuta ulikaa vibaya na Chebet akawa anaonyesha pale pa wazi kwa kidole.

Daktari alisikia habari ya kikapu, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema usonji nilizaliwa nao, na juu yake nikawekewa hofu ya miaka tisa, na zile wiki zangu za kupanda na kushuka zinafanana zaidi na mtu aliyejibana mbele ya watu hadi akaishiwa. Vile vidonge vya mikono kutetemeka tunavipunguza polepole, yeye akiangalia, nisijifanye mjuaji nikaviacha ghafla. Chebet alimchunguza siku mbili. Akaniambia mtoto huyu anaziba masikio lakini hatazami mlango: sauti inamuuma, haogopi mtu anakuja. Nilimwomba arudie hilo mbele ya Kiprotich, akarudia. Kiprotich alivua kofia. "Basi nilikukosea," akasema. Habari ya Bomet ikaishia pale.

Nilidhani barua yangu ingeishia pale pia.

Juzi Kiprotich alirudi amekasirishwa na mtu wa kazini. Hakutukasirikia sisi. Aliingia na gamboti za kazi, akagonga mlango ukutani, akasema kwa sauti kubwa, "Hawa watu wananifanya mjinga!" Ni hivyo tu. Chebet alikuwa katikati ya sebule na vifuniko vyake.

Mikono yangu ilienda yenyewe. Sikuituma. Nilijikuta nimemshika mabega yote mawili kwa nyuma, nimemvuta, nimemsimamisha mbele yangu, na vidole vyangu vimeingia. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Kisha akanyamaza kabisa, na akautazama mlango.

Kiprotich aliganda pale aliposimama. Mimi nilimwachilia kana kwamba nimeshika jiko. Halafu nikamzunguka mwanangu nikasimama mbele yake, mgongo wangu kwake, uso wangu kwa baba yake, mbele ya mwanamume ambaye hajawahi kuninyanyulia hata kidole.

Zilikuwa hatua mbili, Mama. Nimezirudia pale sebuleni mara nyingi nikiwa peke yangu, nikizipima. Hatua mbili kutoka nyuma ya mtoto hadi mbele yake. Najua mwenzangu ulikuwa na fimbo mbele yako na mimi nilikuwa na mtu aliyechoshwa na kazi tu. Najua kwamba pengine ungezipiga hizo hatua mbili nisingekuwa na mama wa kumwandikia, na nisingepata wa kunilea vile nilivyo. Najua hayo yote, na bado nilikuwa na miaka mitatu.

Nakupenda, na nimekukasirikia, na leo siwezi kukupa kimoja bila kingine. Pumzika. Mimi bado nimesimama.

Binti yako,
Chelang'at