Masikio Yangu Yako Kwenye Skrini

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Kwaya kutoka Newala wameondoka jana na virago vyao. Nyimbo zao wameniachia ndani ya kompyuta. Soprano, alto, teno, besi, gitaa, kinanda, ngoma, njuga, kila kitu kimerekodiwa peke yake. Kazi yangu sasa ni kuvichanganya vikae pamoja bila kukanyagana.

Leo nimefungua ile programu aliyoniletea rafiki yangu Anderson kutoka Dar kwenye flashi. Analaiza. Loo! Niliyokuwa nayo zamani inaonyesha sauti moja moja. Hii inaonyesha zote kwa pamoja, dirisha moja, kila sauti na mstari wake, kila mstari na rangi yake. Kushoto sauti nene, kulia nyembamba. Mbili zikigombana, pale zinapogombana panawaka nyekundu. Unapunguza moja, panatulia. Raha tupu.

Na hapa nasema ukweli maana najiandikia mwenyewe: imekuja wakati naihitaji. Masikio bado yanalia. Tangu lile dripu la kwinini la malaria mwezi wa nne — nziiii, kutwa nzima. Kila mtu hapa mtaani Mkomaindo ananiambia neno moja: kwinini hiyo, Cecil, itatoka yenyewe. Na kweli, nani katundikiwa kwinini masikio yasilie! Nasubiri. Ila inachelewa. Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Mwalimu Danieli, kiongozi wa kwaya, anakuja Jumamosi kusikiliza.

Jumatano, 5 Agosti

Balaa! Umeme umekatika mchana na mimi sijajua. Taa sikuwa nimewasha, feni mbovu, madirisha nimeyaziba kwa trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Kompyuta na spika zinakula umeme wa UPS, lile betri la akiba, mimi naendelea na wimbo wa tatu kwa raha zangu. Ghafla skrini ikafa. Kazi ya tangu asubuhi imekwenda. Sikuwa nimesevu!

Ethel mke wangu akaja mbio, mikono imejaa unga. Eti hiyo UPS imelia mpaka majirani wanauliza kama tumeweka king'ora cha wezi. Baba Huruma, husikii? Nikamwambia nilikuwa nimevaa hedifoni. Hedifoni zilikuwa zimening'inia kwenye msumari ukutani. Aliziona. Akarudi kwenye unga wake.

Umeme uliporudi nikaichomoa UPS makusudi ilie, nikaiwekea sikio. Kijitaa chekundu kinawaka, kinazimika, kinawaka. Sikio la kulia, kimya. La kushoto, kama kuna kitu, mbali sana. Au ni ile nziii yangu mwenyewe. Nikaichomeka tena haraka.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekaa mlangoni na uji wangu. Vifaranga wa Ethel wananizunguka miguuni. Midomo inafunguka, inafumba, inafunguka, inafumba. Hakuna kitu. Uji umenishinda.

Ni kwinini. Ni kwinini tu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nane Nane, mji mzima una shamrashamra. Mwalimu Danieli kafika na vumbi la Newala mpaka kwenye nyusi. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, haya, tusikie.

Nikapiga. Kwenye skrini kila kitu kimetulia, hakuna penye nyekundu. Wimbo wa kwanza haujafika nusu kanizuia kwa mkono. Eti sauti za kina mama zinachoma kama pilipili kichaa. Eti njuga zimekuwa sindano. Cecil mwanangu, mbona siku hizi umekuwa mkali hivi? Albamu yetu ya kwanza ulitupa asali!

Nikasema spika zimechoka. Akasema hata ya mwaka jana kaisikiliza kwenye gari la mchungaji, kali vile vile. Nikasema na za gari la mchungaji zimechoka. Mungu nisamehe, nimezisingizia spika za wilaya mbili!

Nikaitazama analaiza tena. Ni kweli, upande wa kulia mistari yote imeinuka juu kama kilima. Lakini mimi ukali sisikii! Nasikia laini, nasikia vizuri tu. Basi programu ni mbovu. Ya wizi hiyo, Anderson huyo hajawahi kuwa na kitu halali tangu azaliwe.

Wakati wa kuaga Mwalimu akataja, kwa upole, kwamba kuna kijana kafungua studio karibu na stendi. Soko huria hilo. Zamani redio ilikuwa moja, na kwaya ikitaka kurekodi inapanda basi mpaka Dar. Mimi ndiye niliyewapunguzia safari hiyo. Leo wana pa kuchagua, na siwalaumu. Jumamosi ijayo anarudi na Yuliana, mwimbishaji wao. Kazi ikiwa nzuri inapelekwa Dar siku hiyo hiyo, uzinduzi ni mwisho wa mwezi. Isipokuwa nzuri... hakumalizia.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimemvizia Pili, jirani yetu muuguzi, akirudi kutoka zamu. Nikajifanya namuulizia mtu mwingine. Kuna jamaa, nikasema, alitundikiwa kwinini mwezi wa nne, masikio yanalia mpaka leo. Pili akasimama. Akasema kwa wengi mlio wa kwinini hauchukui muda, dawa ikiisha mwilini nao unakwisha. Miezi yote hiyo? Hapana, shemeji. Huyo jamaa yako akapimwe masikio.

Halafu akaongeza, taratibu na kwa sauti kubwa, vile watu wanavyoongea na bibi kizee: mwambie asichelewe.

Amejua! Nimeingia ndani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nilitaka iwe kwinini. Sijawahi kuipenda dawa chungu namna hiyo maishani mwangu.

Jumanne, 11 Agosti

Nimefanya jambo, natamani nisingelifanya.

Niliamka na hasira na programu ya Anderson. Nikasema leo naiumbua. Nikatoa kabatini CD za kazi zangu zote, kuanzia albamu ile ya kwanza ya Mwalimu Danieli, ile ya asali, mpaka hii ya sasa. Nikaziingiza zote kwenye analaiza, kila albamu kama sauti moja, kila moja na rangi yake. Nilivyowaza ni hivi: kama programu ni mbovu, itaziharibu zote sawasawa.

Haikuziharibu sawasawa. Albamu ya kwanza, bluu, inateremka kulia taratibu, vile inavyotakiwa. Inayofuata iko juu yake kidogo. Inayofuata juu zaidi. Ya mwaka jana juu zaidi. Hii ya sasa juu ya zote. Ngazi! Ngazi kabisa, mwaka kwa mwaka!

Nilikaa nikaitazama mpaka macho yakauma. Kila mwaka nimeongeza sauti nyembamba kidogo, na kidogo tena, ili nisikie vile nilivyozoea kusikia. Mkono ulijua. Mwenyewe sina habari, najisifu fundi.

Malaria ni ya mwaka huu. Ngazi imeanza miaka mingi nyuma. Miezi yote nimekaa nasubiri kwinini itoke, kumbe hakuna cha kutoka.

Naogopa. Si kidogo tena. Nina miaka arobaini na moja, sijui kazi nyingine. Mikorosho ya baba kule Lupaso nimewaachia wadogo zangu, na hata wangenirudishia, jembe litanicheka. Na ngazi hiyo inaishia wapi? Leo ni njuga na vifaranga. Kesho nini? Mwanangu Huruma akipiga simu kutoka shuleni, sauti yake ile ndogo —

Siandiki tena.

Jumatano, 12 Agosti

Sijafungua studio. Nimesema kichwa kinauma.

Ijumaa, 14 Agosti

Ethel kanibana jikoni. Nikamweleza yote, nikalia kama mtoto, pua na machozi. Unajua kasema nini? Eti amejua tangu mwaka juzi! Eti kanisani naimba kwa sauti kubwa kupita watu wote, na watoto wa sandeskuli wananiigiza. Ananiigiza na yeye, pale pale, shingo kainyoosha. Nikacheka, mwe! Tukacheka wote wawili.

Mwambie Mwalimu kesho, kasema. Kabla hajalisikia kwa mwingine.

Nikamwambia thubutu! Mwalimu akijua kesho, Newala nzima imejua kabla ya ibada ya Jumapili, na Masasi kabla ya chakula cha mchana. Nani atampelekea kiziwi nyimbo zake? Nikamwambia ninayo njia. Ule mstari wa bluu, wa albamu ya asali, ninao. Nitauweka pale kwenye skrini na kila sauti nitaiteremsha mpaka iufuate. Nitachanganya kwa macho. Hakuna atakayejua.

Ethel akakuna nazi weee, kisha akauliza: na siku utakapoitwa mahali pasipo na skrini? Nikaenda kuwasha kompyuta.

Nimefanya kazi kutwa. Soprano nimeziteremsha mpaka kwangu mimi zinaimba ndani ya gunia. Njuga zimepotea kabisa, naona mstari wake unarukaruka tu. Hilo limeniumiza kuliko yote. Kinachowafaa wao kwangu kimekufa. Nimefuata bluu tu, kama kipofu anayeshika kamba. Yote namwachia Mungu.

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika haraka. Wako nje wanakunywa chai.

Wamekuja asubuhi, Mwalimu na Yuliana. Ethel kakaa nao karibu na mlango. Nikapiga wimbo wa kwanza, moyo unadunda kuliko ngoma yenyewe. Ulipoisha Mwalimu akapiga makofi! Hapo sasa! Umerudi, mwanangu! Yuliana akapiga kigelegele — nadhani alipiga, mkono ulikuwa mdomoni. Wa pili, safi. Wa tatu, safi. Nilianza kuhisi njaa, mimi ambaye sijala vizuri wiki nzima.

Wimbo wa nne Yuliana akakunja uso. Eti kuna mluzi. Mwembamba, unapita nyuma ya sauti, unapotea, unarudi. Mwalimu kausikia. Ethel kausikia. Nami nikaitikia upesi: eeh, hata mimi nimeusikia. Uongo mtupu!

Kumbe mluzi wenyewe nilikwishauona jana. Kijimwiba chembamba kulia kabisa kwenye skrini, kinachomoza na kuzama. Nikadhani ni takataka za programu, nikakiacha. Cha rangi gani sikuangalia. Nikageukia skrini nikitafute, maana kwa analaiza ni kufumba na kufumbua: hii rangi, hii sauti, kata. Kabla sijagusa kitu, Mwalimu akanyoosha mkono akaizima skrini yeye mwenyewe!

Kasema tangu tumeingia sijawatazama watu, natazama televisheni tu. Kasema tufanye kama kwayani. Kwaya yake anaifundisha hivi: wote wanafumba macho, wimbo unapigwa, na anayesikia sauti iliyopotoka anainua mkono. Hakuna kumtegea mwenzako. Ndivyo anavyowakamata wanaochezesha midomo bila kusikiliza. Basi tutapiga sauti moja moja kwa vitufe vya mezani, na mluzi tutaujua ni wa nani. Na wewe Cecil, fundi wetu, wewe ndiye wa kutuongoza. Alisema kwa upendo. Hicho ndicho kilichonimaliza nguvu.

Nimemvuta Ethel jikoni. Nimemsihi. Kaa nyuma yangu, mluzi ukija niguse mgongoni. Basi. Kidole tu. Kachukua chupa ya chai akatoka.

Nimefikiria kusema umeme umekatika. Nimefikiria kusema naumwa. Nimefikiria kusema ukweli.

Wanaingia.

Wamekaa. Wamefumba macho. Ethel kakaa nyuma yangu, karibu, naisikia harufu ya moshi kwenye khanga yake. Mimi peke yangu niko macho, na kalamu. Wakifumbua wataona naandika. Potelea mbali, nisipoandika nitapiga kelele.

Soprano. Hakuna mkono.

Alto. Hakuna. Jasho linanitiririka mpaka kwenye karatasi.

Teno. Hakuna. Mgongo wangu wote unasubiri kile kidole.

Besi, gitaa, kinanda, ngoma, hakuna. Imebaki njuga. Nimefungulia. Kwangu ni kimya, kimya kitupu, sijui hata kama zimeanza.

Mkono wa Yuliana umepanda.

Wa Mwalimu umepanda.

Mgongoni hakuna kitu. Nimegeuka. Mkono wa Ethel uko juu, umenyooka, juu kuliko wa wote. Macho kayafumbua, ananitazama mimi, na mkono haushuki.

Mwalimu bado kafumba macho. Anatabasamu. Ananiuliza: na wewe Cecil, umeinua?