Mchunga wa Matai

Jumatano, Matai

Mama mkwe amekula. Siku ya nne tangu malaria imwachie, na kila nilichompikia alikuwa anakisukuma pembeni. Nilishaanza kuogopa.

Asubuhi nilikuwa napalilia maharage, jembe likakata shina moja, likatoa maziwa meupe. Nikainama. Mchunga! Ile mboga chungu ya kwetu Pangani. Miaka sita nimeolewa huku Ufipa, kumbe inaota shambani kwetu wenyewe. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikauchemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikaunga kwa karanga maana nazi huku ningeitoa wapi.

Mama akachungulia bakuli. "Mwanangu, haya si magugu ya sungura?"

"Onja kidogo tu, mama. Kwetu mgonjwa akikosa hamu ya kula hupewa hii."

Akaonja, akakunja uso. Nikajua nimeshindwa. Kisha akamega tonge la pili, na la tatu. "Mdomo wangu ulikuwa unautaka uchungu huu. Ongeza ugali."

Nikampakulia haraka.

Bado anatembea kwa kushika ukuta, najua. Lakini jioni nimemkuta uani na kikapu mkononi, ananiuliza mchunga mwingine uko upande gani.