Santuri za Bi. Somoe Ukutani

Likombe, Mtwara

Dada Koku mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umeshakuachia, Mama anakula vizuri, na watoto hawakusumbui kuliko kawaida yao. Mimi ni mzima. Joto la huku linanichosha, lakini darasa langu linasoma. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu ndani ya bahasha kuna flashi, na sikutaka ikufikie bila maelezo.

Mwenye nyumba wangu unamjua kwa maneno yangu, Bi. Somoe, yule mjane aliyenifundisha kupika kisamvu. Marehemu dada yake aliacha mtoto mmoja wa kiume, Shaweji, ambaye sasa ni mtu mzima. Hujawahi kukutana na mtu wa namna ile, na nakuombea usikutane naye. Alipata fedha kwa kuwapelekea chakula mafundi wa mtambo wa gesi kule Madimba. Maana yake mkewe alipika, yeye akapokea malipo. Tangu hapo anataka aitwe Mkurugenzi. Hata akiomba chumvi, utadhani anahutubia.

Sasa Mkurugenzi alikuwa anafungua mgahawa mjini. Akaja kuomba sanduku la santuri za marehemu mume wa Bi. Somoe, zile sahani nyeusi za muziki.

"Nitazipigilia ukutani, mama mdogo," alisema. "Wageni wanapenda vitu vya kale."

Bi. Somoe alikubali, maana gramafoni yake ilishakufa zamani. Shaweji alipoondoka ndipo Bi. Somoe akaniambia kwamba kwenye mojawapo ya zile santuri anaimba yeye mwenyewe. Alikuwa msichana, wakachukuliwa yeye na wenzake wa ngoma hadi Dar es Salaam, wakaimba mara moja, wakarudishwa. Akasema angependa kuisikia tena kabla haijapigwa misumari.

Shaweji aliporudi kulibeba sanduku, nikamwomba asubiri niinakili kwenye kompyuta. Alinicheka.

"Mwalimu, siku hizi nyimbo zote zipo kwenye simu."

Akatoa simu yake kubwa, akatafuta, hakupata kitu. Akairudisha mfukoni. "Basi haikuwa na maana. Ingekuwa na maana ingekuwepo."

Dada, alisema hivyo mbele ya mwimbaji mwenyewe. Bi. Somoe aliendelea kuchambua mchele. Mimi ndiye niliyetaka kumrushia ungo. Mwishowe, kwa hisani yake kubwa, akakubali kuja kuzichukua Jumapili.

Muuza kompyuta wa mjini aliniambia bila mashine maalumu ya kuagiza nisijisumbue. Naye nikamwona ni ndugu yake Shaweji kwa dharau. Parokiani, stoo, kulikuwa na kicheza santuri ambacho hakuna aliyekikumbuka. Sindano yake ilikuwa nzima, ila mkanda wa kuzungusha sahani ulikuwa umeoza. Nikakata mwingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Nikaazima kompyuta ya zamani ya shule, nikaweka programu ya bure ya kurekodi, nikanunua waya wa kuunganisha hivyo viwili. Santuri niliiosha kwa maji na sabuni kidogo ya vyombo, nikafuta kwa kitambaa laini, nikichunga karatasi ya katikati isilowe.

Mara ya kwanza tulisikia mngurumo tu. Nikachomoa chaja ya kompyuta, mngurumo ukaisha. Lakini mkanda wangu ulikuwa unateleza na santuri ikazunguka polepole, sauti zikatoka nzito.

"Hao wanaume ni akina nani?" akauliza Bi. Somoe.

Nilikata mkanda mwembamba zaidi, nikaukaza. Safari hii wakaingia wasichana, kwa Kimakonde, wepesi, wakipokezana. Bi. Somoe aliweka kiganja mezani na kuwataja mmoja mmoja kadiri walivyoingia. Wote ni marehemu isipokuwa yeye. Kwenye sauti moja akasema, "Huyo ni dada yangu Fatu. Mama yake Shaweji." Fatu alifariki mwanawe akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Jumapili Mkurugenzi alipokuja, Bi. Somoe alimwambia, "Kaa kwanza usikilize kitu."

"Siku nyingine, mama mdogo. Fundi ananisubiri." Akabeba sanduku, akaondoka.

Siku ya ufunguzi nilikwenda, nakiri, kwa nia mbaya. Nilizikuta zimepigiliwa misumari ya bati, miwili miwili, katikati ya mistari ya muziki. Nikamwonyesha ile moja, nikamwambia, "Hapo anaimba mama yako mzazi."

Unajua alifanya nini? Aliwageukia wageni. "Mnaona? Kwetu usanii ni wa damu." Wakapiga makofi, akainama. Niliacha soda yangu mezani nikarudi nyumbani, na sikumwambia Bi. Somoe chochote.

Juzi jioni akaja peke yake, bila funguo za gari kuning'inia kidoleni. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mwalimu, ule wimbo unao?"

Nikauweka. Bi. Somoe alikuwa amekaa mkekani. Shaweji aliinama karibu na kompyuta, na sauti zilipoingia nikamwona anahangaika.

"Ni huyu?"

"Huyo ni mimi," akasema Bi. Somoe.

"Huyu je?"

"Hapana, mwanangu."

Wimbo ukaisha. Hakuwa amemtambua. Akaomba nirudie, nikarudia. Dada, nilikuwa nimejiandaa kuifurahia hali ile, na furaha haikuja. Bado namdharau, usidhani nimegeuka mtakatifu, lakini nilitazama pembeni.

Nisalimie Mama sana, umwekee wimbo huu ulio kwenye flashi ausikilize, asipouelewa si neno. Nisalimie shemeji fundi seremala, na shangazi wa kule kilimani, na yule jirani yako mkorofi anayeniombea mchumba.

Nilisahau kukueleza ilivyoisha. Mara ya tatu Bi. Somoe alisogea, akamshika Shaweji bega, akasubiri sauti zipite.

"Yule anayechelewa kuingia," akamwambia. "Huyo ndiye mama yako. Siku zote alichelewa."

Mdogo wako asiyekusahau,
Editha