Mafuta ya Breki Aliyoyatia Baba

Mama Nusrat, kamwene, ndivyo tunavyosalimiana huku Kilolo, nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya pikapu ya marehemu baba, nje ukungu umeshuka mpaka kwenye mahindi na humu ndani bado kuna harufu yake, ya sabuni na magunia ya viazi, nikifumba macho namsikia akikohoa kabla hajawasha gari. Baba yangu, mzee Aroni, alifariki miaka minne iliyopita, na wiki moja kabla alibadilisha mafuta ya breki kwa mkono wake, mimi nikiwa ndani na yeye chini kwenye tairi ananiambia kanyaga, achia, kanyaga, achia, na chupa iliyobaki ina alama ya kidole chake chenye grisi. Tangu siku hiyo sijaruhusu mtu kuyamwaga, yakipungua naongeza kidogo kutoka kwenye chupa ile ile, maana kila nikikanyaga breki naona bado yuko chini pale ananiitikia. Fundi Ambokile wa Ipogolo alichungulia akasema yamekuwa meusi kama kahawa, yatolewe yote, nikafunga boneti nikaondoka bila kuaga. Sasa Jumanne nilikuwa nampeleka mama kliniki ya presha Iringa mjini, katikati ya mteremko pedeli ikazama mpaka chini, laini kabisa, nikashusha gia, nikavuta hendibreki, gari likaenda kuegemea tuta la udongo, mama alikuwa amesinzia akaamka akauliza, tumefika? Nikamwambia nimesimama tuutazame ukungu, naye akautazama muda mrefu akitabasamu, pedeli ilipopanda tena tukageuza polepole kurudi nyumbani. Kliniki nyingine ni wiki ijayo. Mafuta haya hubadilishwa kila baada ya muda gani, na hakuna namna nikabaki nayo?

Blandina, Kilolo

Blandina mwanangu, pole sana kwa msiba wa baba. Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikalia, ya pili nikakasirika. Nikampigia Bushiri, fundi anayenitunzia gari hapa Ilomba, nikamsomea ile ya mteremko. Akauliza kwanza, "Huyo binti mzima?"

Ni kila baada ya miaka miwili, labda kitabu cha gari lako kiseme mapema zaidi. Wewe una minne. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu, hata gari likiwa limepaki. Ukishuka mlima mrefu breki zinapata moto, maji yale yanachemka yanakuwa mvuke, na mguu wako unakandamiza mvuke. Ndiyo maana ikazama. Na hayo ya kwenye chupa iliyofunguliwa miaka minne nayo yamekwisha kazi. Halafu unaongeza ongeza bila kujiuliza yanakwenda wapi? Ama pedi zimelika, ama kuna mahali panavuja.

Mimi kanga ya marehemu mama yangu niliiweka sandukuni miaka saba bila kuifua, kwa hiyo sikucheki. Lakini kanga yangu haikumbeba mtu kushuka mlima. Wewe umemweka mama yako mzazi kwenye gari lisilo na breki, kisha ukamdanganya.

Usiliendeshe tena, hata hatua moja. Mwite Ambokile aje hapo nyumbani, na umwombe radhi. Ayatoe yote, atie mapya ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kitangi cha breki, atoe upepo ulioingia kwenye breki za magurudumu yote manne, akague pedi na mipira ya breki. Kanyaga wewe, kazi hiyo unaijua. Kama unataka chupa, ioshe ndani tu uiweke kabatini, tupu. Kliniki ya wiki ijayo mpande basi.

Na leo, kabla hujalala, mwambie mama kilichotokea Jumanne. Atakugombeza, halafu mtamlilia mzee Aroni pamoja. Mlilieni hapo hapo jikoni, gari likiwa limezimwa.