Jibini ya Bi Nora

Bibi, nakushika miguu.

Hili sijamwambia mtu: jibini ya mbuzi anayoitengeneza Bi Nora, mwenyeji wangu huku kijijini Ayalandi, imenishinda. Inanuka kushinda papa wako mkavu. Na makosa ni yako, wewe uliyenifunza kuwa mgeni hasazi. Nikimaliza kipande, ananikatia chengine: "Kula, mwanangu, naona umeipenda." Nami kwa haya naitikia, "Tamu."

Nikisikia miguu yake naifunika kadi hii kwa mkono, utadhani anajua Kiswahili. Ndiye huyo anakuja mlangoni na sahani. Leo sifuniki. Akiniuliza nnakuandikia nini, nitamwambia kweli.

Niombee, Bibi, na unipikie papa nikirudi Maskati. Nitamla bila ya kuziba pua.

Mjukuu wako,
Salma