Rangi ya Mwisho ya Boti ya Kaka Yako

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa shemeji yangu Mrefu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko, na mkeo, na wale mapacha wenu wasiotulia? Mgongo wako umepona, au bado ni kisingizio cha kukwepa kazi? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka hadi kalamu naiona nzito.

Uliuliza mbona kaka yako hajibu barua zako. Nitafika huko. Kwanza ujue kwamba boti imepakwa rangi ya mwisho.

Tangu mwaka juzi sina pa kuanika nguo. Boti imelala kifudifudi juu ya mapipa uani, na kaka yako anaipiga msasa, anaziba vitobo, anapiga msasa tena. Vumbi la faibaglasi limeingia mpaka kwenye mito ya kulalia, tunajikuna kama wenye upele. Nilishasema nitaitia moto boti yake, na wala sikuwa natania sana.

Shemeji, kaka yako haoni vizuri. Nalisema hivi hivi kwa sababu sina nguvu ya kulizungusha. Mwenyewe anadai ni vumbi la msasa tu. Juzi alimimina chai mezani, kisha akataka kujua nani kasogeza kikombe. Hakuna aliyekisogeza. Barua zako namsomea mimi, na nikimwambia tujibu, anasema kesho. Tena kutwa anawaambia majirani kwamba boti ikiingia majini ataiendesha mwenyewe, peke yake. Naogopa, shemeji. Naogopa hata nikiwa napika.

Basi Ijumaa tukapaka. Rangi ile haimsubiri mtu: ukishaitia dawa ya kukazia, upake upesi kabla haijaganda koponi. Yeye alitangulia na rola, mimi nikafuata na brashi kulainisha mapovu na michirizi. Ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe. Ubavu wa kushoto akaruka kipande kizima. Rola yake ilishafika mbali, na fundi cherehani wa jirani alikuwa amesimama pale akimsifu, nikaona nisimwaibishe. Nikaendelea na brashi yangu.

Jana asubuhi, alipokuwa anaoga, nilikoroga rangi kidogo nikakijaza kile kipande. Nikaosha brashi, nikajiona mjanja.

Alasiri akatoka kuikagua kwa kiganja, kuanzia mbele hadi nyuma, taratibu, kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Alipofika pale akasimama. Rangi mpya ikipakwa juu ya iliyokwisha kukauka huacha ukingo, na vidole vyake bado ni vizima. Nikajua sasa ataagiza msasa, tuanze upya, nami nitalia mbele za watu.

Hakuagiza msasa. Aliniuliza pale alipoparuka palikuwa pakubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono, kisha nikashtuka, nikasema, "Kama sinia."

Akakaa juu ya kopo tupu mpaka nikaenda kuinjika maji ya chai nikarudi. Ndipo akasema, "Mwandikie mdogo wangu. Mwambie boti iko tayari, aje aiendeshe yeye. Mimi nitakaa mbele."

Ndiyo maana nakuandikia. Alinikataza nisikueleze sababu, lakini nimekueleza, ili ukija usimuulize.

Msalimie sana mkeo, wabusu mapacha, na mama mkwe wako mwambie namkumbuka. Mungu awafunike nyote kwa afya na awape usingizi mzuri kuliko wangu.

Na siku utakayofika, shemeji, anza wewe kusema, ukiwa bado mlangoni. Usimngoje akutambue.

Ni mimi nikupendaye daima,
Shemeji yako.