Nanga, Kamba na Panzi Wawili

4 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Vipi mgongo, vipi macho? Na masikio je, bado hayapatani na simu? Jumapili nilikuuliza umelalaje, ukanijibu kwamba gundi ya viatu imeisha. Basi nimerudi kwenye karatasi, huku hakuna wa kusingizia masikio.

Mimi mzima, ila joto la chumba cha pasi litanikausha kama shuka. Hospitali tatu zinatuletea mashuka, na sisi wanawake sita tunayanyoosha tumesimama tangu asubuhi. Jana, ili muda uende, niliwasimulia habari za mieleka ya ukumbini kwetu. Nikawaambia kati ya wote waliopigana wawili kwa wawili, hawajatokea kama Panzi Wawili. Wafupi, wepesi, wakigusana mikono kubadilishana, refa hajui nani ametoka na nani ameingia. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Na hao wa baba yako?" Nikamwambia Nanga alikuwa tumbo lenye miguu, na Kamba alikuwa miguu isiyo na tumbo. Wamecheka mpaka msimamizi akaja.

Najua umeshavimba. Jibu basi! Na sheria ni ile ile, nakukumbusha kwa sababu mwaka jana ulijifanya umeisahau: kila barua ruhusa kutega uongo mmoja, na anayeunasa anapata bao. Wewe kumi na moja, mimi tisa. Unakumbuka refa alivyokuwa akipiga kengele kwa mkono wa kushoto?

Ni mimi binti yako,
Kichwa Ngumu


20 Februari

Binti yangu Kichwa Ngumu,

Marahaba. Mgongo upo, macho yapo, masikio yamestaafu. Gundi nimepata.

Mtego wako nimeunasa kabla sijakaa. Refa hakuwahi kugusa kengele. Kengele ilipigwa na kinyozi, tena kwa nyundo yangu, na siku moja aliondoka nayo nikapigilia misumari kwa jiwe wiki nzima. Kumi na mbili kwa tisa. Pole.

Sasa sikiliza. Panzi ni wadudu. Wanaruka, watu wanapiga makofi, lakini kuruka si kupigana. Nanga hakuruka kwa sababu hakuwa na haja. Alisimama katikati ya ulingo, mtu akijirusha juu yake anaanguka mwenyewe. Kamba akiingia ni kabali tu, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Na yule aliyebaki kona hakuwahi kushusha mkono. Hilo ndilo la kutazama katika watu wawili, mwanangu. Usimtazame anayepigana, mtazame aliye kona. Panzi mmoja akiwa ndani, mwenzake alikuwa anapungia watu. Nanga akiwa kona, mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea kwa Kamba tangu kengele ya kwanza, hata kama Kamba yuko upande wa pili amelaliwa.

Usiniletee ile Jumamosi. Walishindwa, sawa, lakini hawakushindwa na Panzi. Walishindwa na mimi. Soli ya kiatu cha kushoto cha Nanga, namba arobaini na tatu, ilibanduka kwa sababu nilishona kwa uzi wa magunia. Uzi wa nta uliisha asubuhi ile ile, na mpaka leo sijui donge zima liliishaje. Nilimwona akiteleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Mama yako, aliyekaa kando yangu akishangilia, alinishika bega.

Humu nimetega mmoja. Utafute.

Ni mimi baba yako


9 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo, mzee wa mbinu. U mzima? Mimi mzima, nina furaha kama niliyeokota.

Umesema umetega mmoja, nimenasa miwili! Nanga alivaa arobaini na saba, namba arobaini na tatu hata kidole gumba chake kisingeingia. Na Mama kushangilia mieleka! Mama aliyekuwa akituambia, "Nendeni mkaangalie watu wazima wakivuana nguo"? Mama hakuwahi kukanyaga ukumbi ule. Huo wa pili ulikuwa mtamu, uliuficha kwenye huzuni ili nisiutazame. Nachukua mabao yote mawili. Kumi na mbili kwa kumi na moja.

Habari ya uzi tuiache, miaka thelathini inatosha. Kiatu hakipigani, Baba. Miguu ndiyo iliyoshindwa.

Likizo yangu ni mwezi wa nane. Nitakuja tubishane ana kwa ana, na fundi cherehani wa mlango wa pili awe refa. Wewe tengeneza chai tu.

Binti yako,
Kichwa Ngumu


28 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Barua yako niliiweka mahali pazuri sana, ikanishinda kuipata. Fundi cherehani ndiye aliyeiona, ndani ya kiatu cha mteja.

Nakubali mabao yako.

Kamba alikuja dukani jana. Amekonda zaidi. Ameleta viatu vyake vyekundu, anataka visigino vipya kwa ajili ya Jumamosi. Nikamwambia aache. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, nikamwekea chai, sikuona alipoondoka. Nanga hajambo, anasema.

Mwezi wa nane si mbali. Ukija, ingia mlango wa mbele, ule wa uani umeanza kunichanganya.

Ni mimi baba yako


14 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hapa nimekaa juu ya gunia la foronya, nacheka peke yangu, wenzangu wanadhani joto limenipanda kichwani.

Huu ndio mtego bora kuliko yote tangu tuanze. Kamba! Kamba tuliyemzika sote wawili, mimi na wewe, mvua ikinyesha, na Nanga akasimama pembeni ya kaburi amenyoosha mkono mpaka watu wakaondoka! Umemfufua na kumpa chai juu! Nilisoma mistari minne nikiwa nimeamini. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, lakini kwa ufundi ule nakupigia saluti.

Baba, nina jambo, usinune. Msimamizi wetu anaondoka, na wamesema nikifanya kazi bila kwenda likizo mwezi wa nane watanipa chumba cha pasi nikiendeshe. Miaka sita nimesimama, Baba. Nataka siku moja niwe na kiti. Nitakuja mwezi wa kumi na mbili badala yake. Miezi minne si kitu kwa mtu aliyesubiri gundi mwaka mzima.

Niambie umekubali.

Binti yako,
Kichwa Ngumu


30 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Leo ni siku nzuri, kichwa kimetulia, ndiyo maana naandika haraka. Fundi cherehani amekaa hapa anipe kalamu ikianguka.

Nilikubali, ila sikuandika. Mtu aliyesimama miaka sita ana haki ya kiti.

Sasa nisikilize, na hili si mchezo. Ile haikuwa mitego.

Namba ya kiatu ndiyo niliyoitega. Mama yako sikumtega. Nilimwona kabisa kando yangu, na kitambaa chake cha kichwani. Uliponiandikia kwamba hakuwahi kuja ukumbini, nilikaa na barua mkononi mpaka chai ikapoa, kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Na Kamba alikuja, mwanangu. Nilimwekea chai. Jioni nilikuta kikombe kimejaa vile vile, nikaogopa.

Kila ulipoandika kwamba umeninasa, ndipo nilipojua nimekosea. Ningekuambia mapema. Lakini ulikuwa unafurahi sana, na mimi niliona heri niwe baba mjanja kuliko baba anayepotea. Ni upumbavu. Nisamehe.

Daktari ameupa ugonjwa huu jina, jina nimelisahau. Ucheke kidogo hapo.

Sikuombi kitu kikubwa. Njoo nikiwa bado nabisha. Siku nitakapokubali Panzi ni bora, jua duka limefungwa.

Ni mimi baba yako, bado


15 Septemba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Barua yako ilinikuta mlangoni mwa chumba cha pasi, funguo mkononi. Wamenipa kiti. Nimekikalia siku tatu. Leo nimerudisha funguo, mrithi wangu anakuja tarehe kumi na tano mwezi ujao, siku hiyo hiyo napanda gari.

Nilicheka, Baba. Ulikuwa unazama, mimi nahesabu mabao. Nayafuta yote, hata yale ya zamani. Sijui nitajisamehe vipi.

Wiki nne tu. Usikubali Panzi. Mtu yeyote akikuuliza, kinyozi, fundi cherehani, daktari, mwambie Panzi ni wadudu. Liandike ukutani juu ya benchi: PANZI NI WADUDU. Na mkono wako uwe umenyooka hapo kona. Mimi nakuja mbio, Baba, usiushushe.

Binti yako, binti yako, binti yako,
Kichwa Ngumu


6 Oktoba

Kwa Ndugu Shabiki,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko uliko. Mimi si haba.

Nimepata barua yako, na imenifurahisha kukuta mtu wa mbali anayejua mieleka. Watu wa siku hizi hawajui. Umeniuliza habari za Panzi Wawili. Kuna mtu ameandika ukutani kwangu kwamba ni wadudu, simjui, lakini si maneno ya haki. Ukweli, ndugu yangu, hawajatokea kama wale. Wafupi, wepesi, wakigusana mikono refa hajui nani ametoka na nani ameingia.

Nina binti yangu, ana miaka minane, hunishikia uzi wa nta nikishona. Yeye ni wa Panzi kufa na kupona. Mbele yake nabisha, maana mtoto akibishiwa anajifunza kusimama. Lakini usimwambie: moyoni nilishampa ushindi zamani. Namngoja arudi, ametoka kidogo hapo nje.

Ukipita huku, karibu dukani.

Wako,
Fundi Viatu


19 Oktoba

Kwa Fundi Viatu,

Shikamoo. Nimepita, kama ulivyonikaribisha. Naandika nikiwa kwenye benchi la wateja, kwa sababu fundi cherehani ameniambia kwamba maneno ya mdomo yanakuchosha, lakini barua bado unazisoma mara tatu tatu. Upo hatua nne kutoka hapa, unabandua soli, misumari midomoni. Asubuhi umeniuliza nimeleta viatu gani. Nikavua vyangu nikakupa.

Nimefikiri sana juu ya barua yako, na sikubaliani nawe hata kidogo. Bora ni Nanga na Kamba. Panzi walikuwa wanapungia watu. Usimtazame anayepigana, mtazame aliye kona. Nilifundishwa hivyo na mtu anayejua.

Kuhusu ile Jumamosi, nina habari ambayo hujawahi kuipata. Nimekutana na binti yako. Amenituma nikuambie kwamba uzi wa nta haukuisha. Aliuchukua yeye asubuhi ile, akautumia kuzungushia ulingo wake wa vijiti nyuma ya nyumba, akakamata panzi wawili wa kweli akawaweka ndani. Nanga alipoteleza aliogopa kusema. Baadaye alipokuwa mkubwa aliona haya. Kisha ubishi wenu ukawa mzaha, na mzaha akaufanya ukuta wa kujifichia. Kwa hiyo hukuwaangusha wewe. Ulishona kwa uzi uliokuwepo. Miaka thelathini umebeba kosa la mtoto, na yeye alikuacha ubebe.

Anaomba umsamehe. Anasema pia hajatoka kwenda mbali, yuko hapo nje tu, na uzi anao.

Nikimaliza nitaiweka bahasha hii juu ya nyundo yako, nirudi kukaa. Ukihitaji mtu wa kukushikia uzi, nyoosha mkono tu.

Humu nimetega mtego mmoja. Uko kwenye mstari wa mwisho kabisa. Utafute, na uchukue muda wako wote.

Ni mimi,
shabiki usiyemjua